Kwenda Pinaisara kwa Saa za Bahari

Picha nyingi za maporomoko ya Pinaisara hupigwa kutoka chini, mtu akiwa amesimama juu ya jiwe na maji yakimwagika nyuma yake. Ni picha za kuvutia, lakini zinaacha nje karibu kila kitu kinachoyafanya maporomoko hayo yawe yalivyo. Ghuba haionekani, mikoko haionekani, na mtazamaji hajui kwamba kabla ya picha hiyo kupigwa kuna mtu aliyetazama jedwali la maji kujaa na kupwa ndipo akapanga saa ya kuondoka. Mimi nayaeleza kwa kufuata njia ya maji kinyumenyume, kutoka baharini kupanda juu, kwa sababu ndivyo mgeni anavyolazimika kuyafikia, na kwa maoni yangu ndivyo yanavyoeleweka.

Pinaisara iko katika kisiwa cha Iriomote, kusini kabisa mwa Japani, kwenye visiwa vya Yaeyama katika mkoa wa Okinawa. Kisiwa hiki kipo kwenye latitudo ya nyuzi 24 na ushei Kaskazini, juu kidogo ya Tropiki ya Kansa, na hali yake ya hewa ni ya nusutropiki: wastani wa joto kwa mwaka ni karibu nyuzi 24 za Selsiasi, mvua hunyesha miezi yote, na jumla yake hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Ukubwa wake ni takriban kilomita za mraba 289, na karibu asilimia 90 ya eneo hilo ni msitu. Wakazi ni kama 2,400 tu, na vijiji vyao vimejipanga pwani, kwani bara ya kisiwa ni milima, mabonde na mito isiyo na njia ya gari.

Uwanja wa ndege haupo. Mgeni hushukia katika kisiwa jirani cha Ishigaki, kisha huvuka kwa boti ya mwendo kasi hadi mojawapo ya bandari mbili: Ohara, iliyo upande wa kusini-mashariki, au Uehara, iliyo kaskazini. Uehara ndiyo iliyo karibu na maporomoko, lakini njia yake iko wazi kwa upepo wa kaskazini, na katika majira ya baridi upepo huo ukivuma kwa nguvu safari za Uehara hufutwa, abiria wakapelekwa Ohara na kumalizia safari kwa basi. Ndivyo ilivyotokea siku niliyovuka mimi. Sikusikitika sana, maana bila basi lile nisingeiona barabara ya Iriomote, ambayo ni ya pekee kwa namna yake. Haizunguki kisiwa, inaanzia kusini-mashariki, inapita pwani ya kaskazini na kukomea Shirahama upande wa magharibi. Kijiji cha Funauki, kilicho mbele ya hapo, hufikiwa kwa mashua tu. Na katika barabara hiyo gari haliruhusiwi kwenda zaidi ya kilomita 40 kwa saa.

Mwendo huo ni kwa ajili ya paka. Paka-mwitu wa Iriomote, ambaye wanasayansi walimfahamu mwaka 1965 na kumwandika rasmi mwaka 1967, haishi mahali pengine popote duniani, na idadi yake inakadiriwa kuwa kama 100 tu. Wengi hudhani mnyama adimu namna hiyo hujificha milimani, kumbe hupenda zaidi nyanda za chini karibu na pwani, penye vijito na majimaji, ambako hupata vyura, mijusi, ndege na hata kamba wa mtoni. Nyanda hizohizo ndizo zilizopitishwa barabara, kwa hiyo kugongwa na magari ni miongoni mwa hatari kubwa zinazomkabili. Chini ya lami yamejengwa mapito madogo ili wanyama wavuke bila kukanyaga barabara, na kila baada ya mwendo mfupi kuna bango lenye picha ya paka likimkumbusha dereva apunguze mwendo. Sikumwona paka mwenyewe, na asilani sikutarajia kumwona, kwa sababu hutembea zaidi usiku na alfajiri.

Pinaisara huonekana kwa mara ya kwanza kutoka barabarani, pale njia inapokatiza mdomo wa ghuba ya Funaura juu ya tuta lililojengwa majini. Upande wa bara kuna ukuta wa kijani kibichi kilichoiva, na katikati yake kuna mstari mweupe uliosimama wima. Kwa mbali vile mtu hawezi kukisia urefu wake. Ni mpaka aambiwe kwamba ni mita 55 hivi, marefu kuliko maporomoko mengine yote ya mkoa wa Okinawa, na kwamba vile vinavyofanana na vichaka chini yake ni miti mikubwa. Ningemshauri kila mgeni asimame hapo kwanza, hata kama ana haraka, kwa sababu ndipo mahali pekee anapoweza kuona kwa pamoja mlima, maporomoko, bonde la mto Hinai, mikoko na bahari. Akishaingia ndani, ataviona kimoja kimoja.

Bahari ikipwa, ghuba ya Funaura hubaki uwanda wa mchanga na tope, na mto Hinai hujibana katika mkondo mwembamba ambao mtumbwi hukwama mara kwa mara. Bahari ikijaa, maji ya chumvi huingia hadi ndani ya bonde, yakayainua maji baridi ya mto, na njia ikawa wazi. Wakati wa bamvua tofauti hiyo ni kubwa sana, na mtu aliyechelewa kurudi hulazimika kuburuta chombo chake topeni. Kwa hiyo saa ya kwenda Pinaisara haipangwi na hoteli wala na kampuni ya matembezi. Siku moja kundi huondoka asubuhi na mapema, siku nyingine karibu na adhuhuri, na siku ambayo kupwa kunaangukia katikati ya mchana mpango wote hupinduliwa.

Tulianza kwenye kijito kidogo kinachoingia katika Hinai, kila wawili katika kayaki moja ya plastiki, tumevaa jaketi okozi. Mwongozaji alikuwa mtu wa maneno machache, na maneno yake ya kwanza hayakuwa ya kutukaribisha bali ya afya: aliuliza kama kuna mwenye kidonda kibichi mguuni au mkononi. Mito ya Yaeyama ina vijidudu vya homa ya mgunda, ambavyo hutokana na mkojo wa wanyama na huingia mwilini kupitia ngozi iliyochubuka. Mmoja wetu alikuwa na mkwaruzo kwenye kifundo cha mguu, akafungwa bandeji isiyopitisha maji, na safari ikaanza. Kupiga kafi katika maji yaliyojaa ni kazi nyepesi. Ugumu ulikuwa kunyamaza, maana kila kona ilikuwa na kitu cha kuoneshana.

Katika mikoko ndiko nilikokaa zaidi kwa macho na kwa akili. Japani ina aina saba za miti ya mikoko, na zote zinapatikana Iriomote. Kwa mtu aliyezoea pwani ya Bahari ya Hindi, kuingia katika msitu ule ni kukutana na watu wa ukoo mmoja. Palikuwa na mkoko wenye mizizi iliyojitegemeza kama miguu ya buibui. Palikuwa na msinzi, mwenye mizizi inayojikunja juu ya tope kama goti na maua yenye vikonyo vyekundu. Na kisiwani humo upo pia mchu, unaotoa chumvi kupitia majani, hata ukilamba jani lake siku ya jua kali utaionja. Mlilana nao upo. Nipa, mnazi mfupi wa majini ambao hauna shina linaloonekana, umefika hadi kando ya ghuba ya Funaura na hapo ndipo mwisho wake wa kaskazini. Kundi lake dogo linalindwa kisheria. Si ajabu sana kwamba miti ileile imeenea bahari mbili, kwa sababu mbegu zake hustahimili kuelea majini kwa muda mrefu na mikondo huzisafirisha, lakini kujua sababu hakukunipunguzia furaha.

Mwongozaji alizuia kayaki kwa kushika tawi na kutuonesha mche wa msinzi ukining'inia kwenye mti mama. Mikoko ya jamii hii haidondoshi mbegu kavu; mbegu huota ikiwa bado mtini, ikarefuka kuwa kijiti cha kijani kama urefu wa kiganja na vidole vyake, kizito upande wa chini. Kikianguka wakati maji yamekupwa, chaweza kuchoma tope na kusimama palepale. Kikianguka wakati maji yamejaa, huelea na kuondoka. Alichukua kimoja kilichokuwa kikielea kando yetu, akatuonesha vijizizi vyeupe vilivyokwisha kuchomoza kwenye ncha, akakirudisha majini. Katika tope lililo wazi kando ya mizizi kaa wadogo walikuwa wakipunga gando moja kubwa, na samaki wadogo wenye macho yaliyotokeza juu ya kichwa walikuwa wakirukaruka nje ya maji. Tope hilo lenyewe, ambalo wengi huliona uchafu tu, ni mlima uliosagwa: mchanga na chembe zilizobomolewa juu na maji yaleyale tuliyokuwa tukiyafuata, zikaletwa chini na mto, zikanaswa na mizizi. Ndiyo maana nasema maporomoko yale na mikoko ile ni habari moja, na anayepitia mikoko akiwa na hamu ya kufika tu ameruka nusu ya habari.

Mto ulipokuwa mwembamba na mawe yakaanza kujitokeza, tulizifunga kayaki kwa kamba na kuendelea kwa miguu. Mwendo wa kufika chini ya maporomoko si mrefu, haufiki saa nzima kwa mtu mzima mwenye afya, lakini ardhi ni ya udongo unaoteleza na mizizi iliyolowa, na viatu vya kawaida vya mazoezi havifai. Kando ya njia umesimama msikundazi mkubwa, mti ambao mizizi yake hutanuka kutoka kwenye shina kama mbao zilizosimamishwa wima, nyembamba, zilizopindapinda, baadhi zikinipita kimo. Zamani watu wa visiwa hivi waliikata mizizi hiyo na kuichonga usukani wa mashua zao. Ukiigonga kwa ngumi inalia. Leo haikatwi, na njia imesogezwa ili wageni wasiikanyage.

Kisha unausikia mlio wa maji kabla ya kuuona ukuta.

Chini ya Pinaisara kuna bwawa lililozungukwa na mawe makubwa yaliyoanguka, na mawe hayo ndiyo yanayoeleza jinsi maporomoko yalivyozaliwa. Sehemu kubwa ya Iriomote ni mwamba wa mchanga uliotuama tabaka kwa tabaka miaka kama milioni 15 hadi 20 iliyopita, na katikati ya tabaka hizo ngumu kuna tabaka laini za mwamba wa tope na hata mikanda ya makaa ya mawe. Maji hula tabaka laini kwanza. Tabaka ngumu ya juu hubaki imetokeza bila egemeo, mwishowe huvunjika kufuata nyufa zake na kuanguka mapande mapande, ukuta ukabaki wima na maporomoko yakarudi nyuma kidogo kuelekea mlimani. Ukitazama kwa makini unaiona mistari ya tabaka ukutani, ikiwa imelala karibu sawasawa kutoka upande mmoja hadi mwingine, na penye mistari iliyoingia ndani ndipo ndimi za kuvu na majani madogo zimeshika. Maji yenyewe siku ile hayakuwa mengi. Yalitoka juu yakiwa kitu kimoja, yakagonga mwamba, yakagawanyika nyuzi kadhaa, na upepo ukawa unazipeleka huku na huku kabla hazijafika bwawani. Waliokuja na matarajio ya ngurumo wanaweza kuvunjika moyo. Mimi naona uchache ule ulitufaa, kwa sababu ukuta ulionekana.

Maji ya bwawa ni baridi kuliko mtu anavyotarajia katika nchi ya joto vile. Tulioogelea tulitoka upesi, tukala soba ya Yaeyama, yaani tambi za ngano katika mchuzi wa moto, ambayo mwongozaji aliipasha kwenye jiko dogo alilolibeba mgongoni pamoja na mfuko wa kurudishia taka zote. Wakati tukila aliendelea kutazama maji. Nilimuuliza anatafuta nini, akasema anatazama rangi na majani. Mvua kubwa yaweza kunyesha juu mlimani huku bondeni jua linawaka, na maji yake hushuka ghafla. Dalili za mwanzo ni maji safi kuanza kuwa ya kahawia na majani kuongezeka juu yake. Akiona hivyo haulizi mtu kama amemaliza kula. Maelezo hayo yalinifanya nielewe kwa nini kwenda kule bila mwenyeji ni upumbavu, hata kwa mtu anayejua kuogelea.

Njia ya kwenda juu hupanda kando ya ukuta, kwa mwinuko mkali, mikono ikisaidia miguu mahali pengi. Juu ni kimya kuliko chini. Kijito kinapita juu ya bamba pana la mwamba, kina chake hakifiki magotini, na hakuna lolote katika mwendo wake wa pole linaloonya kwamba hatua chache mbele ardhi imekwisha. Hakuna ukingo uliojengwa, na haupaswi kujengwa. Mwongozaji anachora mpaka kwa maneno na watu wanautii. Maporomoko yenyewe hayaonekani kutoka hapo. Kinachoonekana ni bonde la Hinai likiwa limejaa mikoko kutoka ukingo hadi ukingo, mto ukijipinda ndani yake, tuta la barabara ya Funaura, rangi ya bahari ikibadilika penye mwamba wa matumbawe, na kisiwa kidogo cha Hatoma upande wa pili. Kwangu huo ndio mtazamo bora kuliko wa chini, kwa sababu kutoka pale niliweza kuonesha kwa kidole kila hatua ya safari ya chembe ya mchanga, kutoka chini ya kiatu changu hadi kwenye matumbawe.

Ukiutazama msitu ule usio na pengo, ni rahisi kudhani umebaki kwa sababu watu waliuheshimu. Ukweli ni mchungu zaidi. Kwa karne nyingi Iriomote iliogopwa kwa sababu ya malaria. Katika karne ya 18 utawala wa Ufalme wa Ryukyu, uliotawala visiwa hivi wakati huo, uliwahamisha watu kwa nguvu kutoka visiwa vingine ili wafungue mashamba, na vijiji vingi vilivyoanzishwa hivyo vilipungua na hatimaye kutoweka. Kuanzia miaka ya 1880 makaa ya mawe yalichimbwa upande wa magharibi, kwanza kwa kutumia wafungwa, na wachimbaji wengi walikufa kwa homa na kwa mateso. Mabaki ya mgodi wa Utara, nguzo za matofali zilizokumbatiwa na mizizi, yangalipo karibu na mto Urauchi. Mwaka 1945 jeshi la Japani liliwalazimisha wakazi wa kisiwa cha Hateruma, ambacho hakikuwa na malaria, wahamie Iriomote, na karibu theluthi yao walikufa. Ugonjwa ulitokomezwa katika visiwa vya Yaeyama mwaka 1962 tu. Kwa hiyo msitu unaovutia wageni leo ulilindwa kwa muda mrefu na mbu, na nadhani mgeni anapaswa kulijua hilo kabla hajausifu.

Sasa kinachouelemea ni miguu ya wageni. Mwezi Julai 2021 Iriomote iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO pamoja na Amami-Oshima, Tokunoshima na sehemu ya kaskazini ya kisiwa cha Okinawa, kwa ajili ya viumbe wake wasiopatikana kwingine. Halmashauri ya Taketomi, inayosimamia kisiwa hiki, inawataka waongozaji wa maeneo ya asili wawe na leseni, na tangu mwaka 2025 idadi ya wanaoingia baadhi ya maeneo imewekewa kikomo. Kwa bonde la Hinai ni watu 200 kwa siku. Nimesikia wasafiri wakilalamika kwamba mlima na mto havipaswi kuwa na foleni. Lakini aliyeona njia ya udongo ilivyochimbika na kuwa mfereji, na mizizi ya msikundazi ilivyosuguliwa ikang'aa, hawezi kulalamika kwa moyo mmoja. Kama ningekuwa na la kusema, ningesema 200 bado ni wengi kwa bwawa dogo kama lile, hasa kwa kuwa bahari huwaleta wote karibu kwa wakati mmoja.

Anayekosa nafasi Pinaisara hajakosa kisiwa. Mto Urauchi, mrefu kuliko mito yote ya mkoa wa Okinawa, hupandwa kwa boti ya injini, kisha mtu hutembea msituni hadi maporomoko ya Mariyudu na, mbele kidogo, Kanpire. Mariyudu, ambayo imo katika orodha ya maporomoko 100 bora ya Japani, hutazamwa kutoka jukwaani kwa mbali. Kanpire si ya kuanguka bali ya kuteleza: maji hushuka ngazi kwa ngazi juu ya bamba refu la mwamba lililotobolewa mashimo ya mviringo na kokoto zinazozungushwa na mkondo. Kwa mwenye watoto au magoti mabovu ningependekeza Urauchi bila kusita. Na kwa yeyote anayetaka Pinaisara, ningependekeza alale Iriomote yenyewe badala ya kuja na kurudi Ishigaki siku hiyohiyo, kwa kuwa boti ya Uehara ikifutwa asubuhi, muda unaoliwa na basi kutoka Ohara waweza kutosha kabisa kwa maji ya ghuba kupwa kabla hajafika.